Kutafuta Mahali pa Mkutano Mkuu wa Maskauti

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kazi yangu katika chama hiki ni kuandika yale mliyokwisha kuyanena, wala si kunena mwenyewe. Karani asimamapo mbele ya wazee yampasa aseme kwa adabu, nami nitajitahidi kufanya hivyo. Lakini liko jambo moja ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea, na kwa hiyo niliomba kwa Bwana Mwenyekiti niruhusiwe kulisema hadharani.

Mwezi wa Januari kamati ya vijana iliniagiza niwaandikie wakuu wa maskauti, kuwajulisha ya kuwa chama chetu kiko tayari kutoa uwanja wake wa mtoni uwe mahali pa mkutano mkuu wa maskauti wa nchi nzima, katika likizo ya Aprili ya mwaka ujao. Niliiandika barua hiyo kwa mkono wangu. Nilisema ya kuwa uwanja wetu ni mpana, ni tambarare, una majani mazuri, na maji yako karibu. Kila neno katika barua ile lilikuwa kweli. Wakuu wamejibu kwa furaha, wakisema wageni watakuwa wapatao 5,000 kwa muda wa siku 7, nao wanataka tuwapelekee habari kamili kabla ya kutuma watu wao kuja kupakagua.

Nilipoketi kuandika habari hizo kamili, kalamu ikawa nzito mkononi. Nilianza kusoma jinsi watu wengine walivyotafuta mahali pa mikutano kama hii, na jinsi walivyofanikiwa au kushindwa. Niliyoyasoma ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, kisha mtakata shauri ninyi wenyewe.

Wote twajua ya kuwa uskauti si jambo geni katika nchi yetu. Uliingia Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi wake, Bwana Baden-Powell, alikaa miaka yake ya mwisho Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hata leo. Kambi yake ya kwanza ya majaribio ilikuwa mwezi wa Agosti 1907, katika kisiwa kidogo cha Brownsea huko Uingereza, na wavulana walikuwa wapatao ishirini tu. Watu ishirini waweza kulala karibu popote. Mvua ikinyesha watahamia ghalani, na chakula kikipungua mtu mmoja atatumwa sokoni. Watu 5,000 si ishirini waliozidishwa tu; ni mji. Mji huo huzaliwa kwa siku moja, nao hutaka maji, njia, vyoo, hospitali na soko siku iyo hiyo. Mwenye kuchagua mahali pa mkutano kama huo amechagua mahali pa kujenga mji, hata kama mji wenyewe utadumu juma moja.

Wenzetu wa Marekani wamelitafuta jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi, na habari zao zina mafundisho kwetu. Walikusudia kufanya mkutano wao wa kwanza wa taifa, uitwao jamborii, katika mji mkuu wa Washington mwaka 1935. Mahali palikuwa pameandaliwa, na vijana walikuwa tayari kusafiri. Ndipo ugonjwa wa kupooza wa watoto ulipozuka sehemu zile, na mkutano ukafutwa. Walingoja miaka miwili, wakakutana mwaka 1937, vijana zaidi ya 25,000. Tangu mwanzo, basi, walijifunza ya kuwa afya ya watoto hutangulia heshima ya mwenyeji, na ya kuwa kuahirisha si aibu.

Baada ya hapo walihamahama. Mwaka 1950 walikuwa Valley Forge, katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1953 walipiga kambi katika shamba kubwa la mifugo huko California, na hata leo iko barabara kubwa huko iitwayo kwa jina la jamborii ile, ingawa shamba lenyewe limekwisha kuwa mji. Walifika Colorado mwaka 1960 na Idaho mwaka 1969. Mwaka 1973 waligawanyika mahali pawili, mashariki na magharibi ya nchi. Kila mara walilazimika kujenga upya njia, mifereji na vyoo, kisha kuviacha. Mtu ajengaye nyumba mpya kila mwaka hana nyumba.

Kuanzia mwaka 1981 walipata mahali pa kutulia, kambi ya jeshi katika jimbo la Virginia iliyoitwa Fort A.P. Hill. Walikutana hapo mara nane, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2010. Palikuwa na nafasi tele na askari wa kusaidia. Lakini mahali pale palikuwa pa wenyewe, na walikuwako wananchi waliokwenda mahakamani kupinga fedha za serikali kutumika kwa mkutano wa chama kimoja. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwaka 2007 mahakama ya rufani iliamua kwa namna iliyowafaa maskauti, lakini katika miaka yote ile wenye mkutano walikuwa wakikaa kama mpangaji asiyejua kama kodi yake itapokewa mwezi ujao.

Tena, wazee wangu, mwaka 2005 yalitokea mambo mawili mahali pale ambayo hayafai kusahauliwa. Tarehe 25 Julai viongozi wanne, watu wazima waliotoka Alaska pamoja na vijana wao, walikuwa wakisimamisha hema kubwa la kulia chakula. Mlingoti wa hema ukagusa nyaya za umeme zilizopita juu, na wote wanne wakafa, vijana wakitazama. Siku mbili baadaye maelfu ya vijana walikusanywa uwanjani wakimngoja Rais wa nchi kuja kuwahutubia. Jua lilikuwa kali sana, na wapatao 300 wakaugua kwa joto. Rais hakuweza kufika siku hiyo kwa sababu ya dhoruba. Uwanja ule ulikuwa mpana na tambarare kama wetu. Lakini upana haukuzuia nyaya kupita juu, wala utambarare haukuleta kivuli.

Baada ya hayo wakuu wa maskauti wa Marekani walikata shauri kutafuta mahali pao wenyewe pa kudumu. Walipima maeneo yapatayo 80 katika majimbo 28. Fikirini kazi hiyo! Walikuwako wenyeji wengi waliotamani kupata heshima, kama sisi tunavyoitamani, na kila mwenyeji alisifu kwake. Liko eneo moja la Virginia lililokaribia sana kuchaguliwa, lakini mwaka 2009 likaachwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo walitangaza ya kuwa wamechagua mahali katika milima ya West Virginia, karibu na bonde la mto uitwao New River.

Na pale palikuwa mahali gani? Hapakuwa bustani. Sehemu kubwa ya ardhi ile, eka zipatazo 10,600, ilikuwa mlima uliokwisha kuchimbwa makaa ya mawe, wenye makovu ya machimbo ya zamani. Mtu apitaye njiani hangesema, “Hapa ndipo.” Lakini waliotumwa kupima waliuliza maswali mengine yasiyo ya uzuri. Waliuliza kama ardhi itakuwa yao wenyewe, kama inatosha, kama watu wa jimbo wanawataka, na kama vijana watapata kazi na michezo ya kutosha. Familia ya tajiri mmoja, Bwana Stephen Bechtel, kwa njia ya mfuko wao wa hisani, iliahidi dola milioni 50, na ujenzi ukaanza. Mwezi wa Julai 2013 jamborii ya kwanza ilifanyika hapo. Mwaka 2019 dunia nzima ilialikwa, wakaja vijana na viongozi wapatao 45,000 kutoka nchi zaidi ya 150.

Sitaki mfikiri ya kuwa kila kitu kilikuwa asali. Mwaka 2013 mvua ilinyesha sana, na matope yakawa mengi. Mahali pale ni pa milima, na watu hutembea kwa miguu kwenda kila upande; kwa hiyo wakuu walilazimika kuweka sheria ya afya, na wale walionenepa kupita kiasi fulani hawakuruhusiwa kushiriki. Tazameni jambo hilo: mahali palipochaguliwa pakaanza kuchagua watu. Tena gharama za kujenga zilikuwa kubwa, zikaletwa mikopo mizito iliyowalemea wenye chama kwa miaka mingi. Lakini liko jambo moja walilolifanya ambalo nalisifu bila kusita. Mwaka ule wa kwanza waliwatuma maelfu ya vijana katika wilaya tisa za jirani kwenda kufanya kazi za kujitolea pamoja na wenyeji. Hawakuja kukaa juu ya mlima na kuwatazama wenyeji kwa mbali.

Sasa nawahamisha kutoka Marekani hadi Korea Kusini, maana huko naliona jambo linalofanana zaidi na letu. Mwezi wa Agosti 2023 jamborii ya dunia ilifanyika mahali paitwapo Saemangeum. Ardhi ile zamani ilikuwa pwani ya matope, bahari ikazuiwa kwa ukuta, na nchi kavu ikapatikana. Ilikuwa pana na tambarare kabisa, wala hapakuwa na mti wa kuleta kivuli. Walipewa heshima hiyo mwaka 2017, kwa kura, walipoishinda Poland. Walikuwa na miaka sita ya kujitayarisha. Kambi ya majaribio iliyokusudiwa kufanyika mwaka 2022 ilifutwa, na hivyo mahali pale hapakujaribiwa kwa watu waliolala juu yake kabla ya wageni kufika.

Walipofika, vijana wapatao 43,000, walikuta maji yametuama chini ya mahema kwa sababu ardhi haikuwa na mteremko wa kuyaondoa. Mbu walikuwa wengi. Joto likafika nyuzi 35, na mamia wakatibiwa. Vyoo vikalalamikiwa. Waingereza, ambao walikuwa kundi kubwa kuliko yote, waliwaondoa vijana wao kabla ya siku za mkutano kwisha, na Wamarekani na watu wa Singapore wakafanya vivyo hivyo. Kisha tufani ikawa inakuja, na tarehe 8 Agosti wote waliobaki wakahamishwa kwa mabasi. Nchi ile ni tajiri, ina wahandisi wengi na fedha nyingi. Lakini fedha haziwezi kuyaamuru maji yapande mlima.

Ndugu zangu, katika habari hizi zote mimi nimeona neno moja: mahali pa mkutano huchaguliwa kwa kutazama siku yake mbaya, si siku yake njema. Mwenye kutuonyesha uwanja hutuonyesha siku ya jua la asubuhi. Wajibu wetu ni kumwuliza, “Na usiku wa mvua, huwa namna gani?”

Sasa niruhusuni niupime uwanja wetu kwa kipimo hicho. Sifanyi hivyo kwa kuudharau. Nafahamu ya kuwa uwanja ule ulitolewa na wazee waliotutangulia, wakati chama hiki kilipokuwa na wanachama wachache na senti chache zaidi, na kila Desemba tunafanyia hapo michezo yetu. Hakuna aupendaye kuliko mimi, maana nilijifunza kucheza mpira hapo.

Kwanza ni nafasi. Mashirika yanayowasaidia watu waliohamishwa na vita au mafuriko huhesabu kwamba kila mtu ahitaji mita za mraba 30 hadi 45, pamoja na njia, majiko na vyoo. Kwa watu 5,000 hizo ni eka zipatazo 37 hadi 56. Uwanja wetu una eka 18.

Pili ni maji. Mashirika hayo huhesabu lita 15 kwa kila mtu kwa siku kuwa ni kiasi cha chini, kwa kunywa, kupika na kunawa. Kwa watu 5,000 ni lita 75,000 kila siku. Niliandika katika barua ya kuwa maji yako karibu. Ni kweli, mto uko karibu. Lakini maji ya mto ule ng'ombe wetu huyanywa na nguo zetu hufuliwa humo. Hatuwezi kuwapa watoto wa watu bila kuyasafisha.

Tatu ni vyoo. Wataka choo kimoja kwa kila watu 20, au kwa uchache kimoja kwa kila watu 50 siku za mwanzo. Kwetu ni vyoo 250, au 100 kwa uchache. Tena shimo la choo lisiwe karibu na maji kuliko mita 30, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kuyafikia maji ya ardhini. Wazee waliochimba kisima cha uwanjani watanishuhudia: mwezi wa Aprili maji huonekana kabla mchimbaji hajazama hadi kifuani. Tutachimba wapi vyoo 100?

Nne ni mvua. Mwaka 2024 mvua za masika ziliua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu yakawachukua watu waliokuwa wamelala. Serikali iliahirisha kufungua shule. Katika siku hizo uwanja wetu ulikaa chini ya maji siku tisa, na goli la upande wa mto lilionekana juu tu kama pembe za ng'ombe avukaye. Sote tuliliona. Mimi nililiona, kisha mwezi wa Januari nikaandika ya kuwa uwanja ni mzuri, kwa sababu siku niliyoandika ulikuwa mkavu.

Hapa sina budi kuwaambia jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikwenda katika kambi ya maskauti wa shule kadhaa. Waliopachagua mahali pale walipaona wakati wa kiangazi. Palikuwa tambarare, kando ya mto, penye majani mazuri. Usiku wa pili mvua ilinyesha mlimani, wala si kwetu. Sisi tulilala tukiziona nyota. Kabla ya alfajiri maji yaliingia mahemani. Hakuna aliyekufa maji, kwa rehema ya Mungu, ila chakula kilichukuliwa, na vyoo vikafurika hadi kwenye kisima. Hatukuwa na maji mengine, tukanywa yale. Juma lililofuata wavulana kumi na wawili walikuwa hospitali kwa kuharisha. Mmoja wao aliketi dawati moja nami. Hakurudi shuleni muhula ule, na aliporudi alikuwa amekonda hata mama yangu alipomwona alilia. Hapana mtu mbaya aliyetutenda hivyo. Walikuwa watu wema waliotupenda, nao walikuwa wamepatazama mahali siku njema.

Nilikumbuka jambo hilo nilipokuwa nikiandika habari kamili, na ndipo kalamu iliponilemea.

Najua mtaniuliza, “Basi, kijana, wataka tuikose heshima hii?” Najua ya kuwa wengine wetu walikwisha kuhesabu maziwa, mboga na ndizi zitakazouzwa, na ya kuwa njia yetu ya kwenda lami huenda ikatengenezwa kwa ajili ya wageni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siwapingi. Lakini mgeni akiugua nyumbani mwako, hakuna apataye kupona, si mgeni wala mwenyeji. Na jina la chama chetu, likiisha kuandikwa katika magazeti kwa ajili ya watoto waliougua, tutalifutaje?

Kwa hiyo, kwa ruhusa yenu, naleta mashauri manne.

La kwanza, barua ya Januari isahihishwe. Nitaandika nyingine, nikisema wazi ya kuwa uwanja wa mtoni haufai mwezi wa Aprili, na ya kuwa kosa la kutolisema mapema ni la karani.

La pili, tutazame malisho ya juu, mgongoni mwa kilima. Hapo chama kina eka 30, na jamaa saba wana eka 20 zinazopakana nasi. Jumla ni eka 50. Udongo wake ni wa changarawe, maji hayatuami. Iko miti upande wa mashariki. Sitaficha kasoro zake: hakuna maji, na tangi la shule lashika lita 20,000 tu. Tutahitaji lori la lita 10,000 lipande mara nane kila siku. Tena ziko nyaya za umeme pembeni mwa malisho, na chini yake lisisimamishwe hema hata moja. Kasoro hizi zaonekana leo, mchana, nazo zaweza kuhesabiwa na kulipiwa. Kasoro ya mtoni haihesabiki, maana huja usiku.

La tatu, zile jamaa saba ziulizwe kwanza, kabla ya barua yoyote kuandikwa. Si mimi wa kuwauliza, wala si kamati ya vijana. Nawaomba wazee watatu waende nyumbani kwao, waketi, wanywe chai, wawaulize ng'ombe wao watalishwa wapi kwa majuma matatu, na ni malipo gani yawafaayo. Mama mjane mwenye eka tatu karibu na mwamba asikie habari hizi kutoka kwa mtu, asizisikie kutoka kwa lori lililosimama katika malisho yake. Wakikataa, shauri limekwisha, na hakuna atakayewalaumu.

La nne, wakikubali, tufanye kambi ya majaribio. Maskauti wetu wa hapa ni wapatao 60. Walale kilimani usiku mbili katika mwezi wa Aprili huu unaokuja, katikati ya mvua, na baadhi yetu wazima tulale pamoja nao. Tuone maji yapita wapi, gari lakwama wapi, na upepo waangusha nini. Yale tutakayoyaona ndiyo nitakayoyaandika kwa wakuu, mema na mabaya. Wakisema hapafai, tutakuwa tumewafaa kwa kuwaambia kweli, nasi twaweza kuomba mkutano mdogo wa wilaya, wa vijana 300, ambao twauweza kwa tangi la shule na vyoo tulivyo navyo.

Wazee wangu, mimi ni mtoto wenu. Mliposomesha vijana wa hapa kwa michango ya chama hiki, nami nikiwamo, hamkutusomesha ili tuandike barua tamu. Mlitaka tuwe macho yenu mahali ambapo miguu yenu haifiki tena kwa urahisi. Nimekwenda mtoni, nimekwenda kilimani, nimepima kwa kamba, nami nimewaletea niliyoyaona. Mwezi ujao, mvua za kwanza zitakapoanza, nitakuwa langoni mwa uwanja saa moja asubuhi kila Jumamosi, pamoja na kamba na daftari. Mzee yeyote atakayependa kuja kutazama kwa macho yake, nitatembea naye mwendo wake, naye ataniambia nilipokosea.

Namwachia Bwana Mwenyekiti shauri hili, nanyi wanachama mlijadili.